Bi Moshi Aliitikiwa

Wasikilizaji wapendwa, fundi baiskeli wa pale njia panda anasema aliona kwa macho yake mwenyewe. Anasema Bi Moshi aligombana na mwenyekiti wa ushirika asubuhi, wakatupiana maneno hadi mate yakaruka. Mchana akachukua kopo lake la moto, akaenda moja kwa moja kwenye ghala la majani makavu, akaliwasha. Anasema mama yule alisimama pale ameshika kiuno, anacheka. Ukimuuliza fundi alikuwa amesimama wapi hata akakiona hicho kicheko, anainamia gurudumu lake, anazungusha spoku, anajibu, "Watu wote wanajua."

Sisi wa kipindi hiki tulikwenda tukasimama kwenye kibanda chake. Kati ya kibanda na lilipokuwa ghala kuna kilima. Huoni hata ncha ya paa. Fundi akatutazama tunavyonyoosha shingo, akasema, "Zamani kilima kilikuwa kifupi."

Basi leo tuyaweke sawa.

Bi Moshi amefariki. Turudie kwa mliofungua redio sasa hivi. Bi Moshi, yule mama aliyekuwa mchoma nyasi wa ushirika wa wafugaji, amefariki dunia wiki iliyopita, hospitalini, kwa ugonjwa wa kifua. Amezikwa Jumapili. Ameacha mume, dereva wa trekta mstaafu, na binti mmoja, fundi cherehani. Kipindi cha leo ni chake. Na haya tutakayosimulia ni kama alivyoyasema yeye kwa binti yake, kidogo kidogo, kwa miaka mingi, maana fundi baiskeli amekwisha kusema vya kutosha.

Jina la Moshi hakupewa kwa ubaya. Baba yake ndiye aliyekuwa mchoma nyasi wa kwanza wa ushirika, na yeye tangu mdogo alikuwa kama mkia wa baba yake. Aliingia darasani ananuka moshi. Mwalimu akiona kichwa chake mlangoni, anafungua madirisha. Wenzake wakaimba, "Moshi kaja, Moshi kaja!" Watoto wengine wangelia. Yeye alicheka, akalichukua jina akaenda nalo nyumbani, akalitumia hadi kufa.

Wasikilizaji wapendwa, wapo kati yenu wanaodhani kuchoma nyasi ni kuwasha kiberiti na kukimbia. Bi Moshi alikuwa na maneno kwa watu hao. "Kuwasha hata mlevi anaweza," alisema. "Kuzima ndiyo kazi. Na kujua usipochoma nini kitatokea, hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi."

Uwanda wa malisho wa ushirika uligawanywa vipande vitatu. Kipande kimoja kinachomwa, nyasi kuukuu zinaondoka, mvua ikigusa majivu yanachipua majani laini ambayo ng'ombe huyafuata wenyewe bila fimbo. Kipande cha pili kinaliwa. Kipande cha tatu kinapumzika. Na kikipumzika, kinapumzika kweli. Haingii ng'ombe, haingii mbuzi, haingii hata ndama aliyepotea. Mwaka unaofuata vinabadilishana. Kuvunja pumziko kulikuwa kosa la kufukuzwa ushirika, na kila mtu alilijua hilo.

Halafu kuna kichaka mgeni. Ndivyo walivyokiita. Kililetwa na mtu aliyetaka uzio mzuri, wenye maua ya njano na mekundu. Uzio ukatoka nje ya uzio. Ng'ombe hawakili, na chini yake hakioti kitu. Bi Moshi alikichukia kama jirani asiyelipa deni. Alikuwa na jembe la mpini mfupi la kung'olea mizizi, kisha mzizi anautundika juu chini kwenye waya hadi ukauke kabisa. Vijana wakikikata kwa panga kwa haraka, anawapigia kelele: "Hapo mmekinyoa tu! Kesho kina ndevu!"

Mumewe alimpata kazini. Yeye ndiye aliyelima kwa trekta ule ukanda wa udongo mtupu unaozunguka kipande kinachochomwa, ili moto usivuke. Siku ya kwanza alilima ovyo. Msichana mmoja akamsimamisha katikati ya uwanda, mikono kiunoni.

"Kaka, huu ukanda wako umelewa."

"Umelewa?"

"Tazama unavyoyumba. Moto ukifika hapa utavuka bila kuinua mguu."

Dereva anatuambia alicheka peke yake kwenye usukani hadi jioni. Siku iliyofuata akarudi akalima upya. Kisha akarudi tena, ingawa hakukuwa na cha kulima.

Ndipo anapoingia wifi. Wasikilizaji wapendwa, mshikeni vizuri huyu. Ni dada wa dereva, dada mdogo. Kwa Bi Moshi ni wifi, kwa binti ni shangazi. Siku ya harusi ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema, "Kaka yangu ameoa jivu! Kila anayemkumbatia bibi harusi anatoka mweusi!" Watu wakavunjika mbavu. Bi Moshi akamvuta akamkumbatia kwa nguvu, gauni jeupe la wifi likabaki na alama ya mkono. Maana hata siku ya harusi asubuhi alikuwa ameshika kopo.

Wakawa marafiki. Si ule urafiki wa wifi na wifi wa kuulizana hali mlangoni. Wifi aliomba afundishwe kazi, akafundishwa, na baada ya muda wakawa jozi. Na hapa lazima tuwaeleze kazi ya jozi, maana ndani ya hiyo ndimo lilimo jambo lote.

Kuchoma hufanywa na watu wawili wawili. Mmoja ni mwenye moto. Anashika kopo la chuma lenye mafuta na utambi, anatembea ukingoni mwa ukanda, anadondosha moto kwenye nyasi. Mwingine ni mwenye maji. Anafuata nyuma, bomba la kunyunyizia maji mgongoni, anautazama ukanda na ng'ambo yake. Cheche ikivuka, anaikanyaga, anaimwagia maji, imekwisha.

Mwenye moto hageuki nyuma. Tunarudia: mwenye moto hageuki nyuma. Akigeuka, utambi unageuka naye, na anaweza kujiwasha mwenyewe. Kwa hiyo anauliza kwa sauti, "Nyuma?" Mwenye maji anaangalia kwanza. Anaangalia ukanda, anaangalia ng'ambo. Kisha anaitikia, "Salama!" Ndipo mwenye moto anapiga hatua nyingine. Kukiwa na jambo, lolote lile, mwenye maji anaita, "Simama!" Na ukisikia simama, unasimama. Huulizi.

Miaka yote Bi Moshi alitembea mbele amempa wifi mgongo. Walizoea hadi wakaleta mchezo huo nyumbani. Wifi akibeba sufuria ya moto jikoni, anapiga kelele, "Nyuma?" Bi Moshi anasogeza kigoda, anajibu, "Salama!" Binti anasema alipokuwa mdogo alidhani hivyo ndivyo watu wote wanavyopishana majumbani.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Siku ile walikuwa wanachoma kipande cha chini ya ghala. Ghala lilikuwa limejaa majani makavu ya wanachama wote, chakula cha ng'ombe cha kiangazi kizima. Ni kweli asubuhi Bi Moshi alizungumza na mwenyekiti. Mwenyekiti mwenyewe amethibitisha kwetu. Walizungumza kuhusu pipa la maji, kwamba lililopo linavuja. Mwenyekiti akaleta jingine. Huo ndio ugomvi wa fundi baiskeli.

Upepo ulikuwa mdogo. Bi Moshi alirusha vumbi la kiganjani, akalitazama linavyoanguka, akaridhika. Akawasha utambi.

"Nyuma?"

"Salama!"

Akaenda.

"Nyuma?"

"Salama!"

Akaenda tena. Nyasi zilikuwa zinapasuka vizuri, moshi unainama upande unaotakiwa. Akauliza tena. Jibu likaja: "Salama!"

Lakini lilitoka mbali. Halikutoka mgongoni. Lilitoka mbele kushoto, upande wa kipande kilichokuwa kinapumzika, ambako hakutakiwa kuwa na mtu wala mnyama.

Bi Moshi aliisikia tofauti hiyo. Hilo hakulificha kamwe. Alimwambia binti yake, "Masikio yangu yaliniambia kuna kitu. Moyo ukayafokea masikio. Ukasema, huyo ni wifi, endelea." Akaendelea.

Nyuma yake, ambako hakukuwa na mtu, upepo ulijizungusha kidogo ukanyanyua kishungi cha nyasi kinachowaka, ukakivusha ukanda. Kitu kidogo, wasikilizaji wapendwa. Kitu cha kukanyaga kwa mguu mmoja. Hakukuwa na mguu. Bi Moshi alipohisi joto kisogoni, akaweka kopo chini na kugeuka, ghala lilikuwa limeshika upande wa nyuma.

Watu walikimbia na ndoo. Hakuna aliyeumia, tunashukuru. Lakini majani makavu hayaombwi mara mbili. Ghala lilikwisha huku watu wakitazamana.

Na katikati ya vurugu hiyo Bi Moshi alimwona wifi yake anakuja kutoka kile kipande cha kupumzika. Anavuta mtamba wake, yule ng'ombe jike mdogo ambaye hajazaa, ng'ombe pekee aliyekuwa naye. Shingoni mwa mtamba kulikuwa na kamba fupi, na ncha ya kamba ilikuwa imekatwa kwa kisu, mkato mpya.

"Nimemkuta anazurura," wifi akasema.

Bi Moshi akaitazama kamba. Ng'ombe anayezurura hana kamba iliyokatwa. Aliyefungwa kwenye mti ndiye anayekatiwa kamba. Wifi alikuwa amemfunga mtamba wake kwa siri kwenye nyasi ndefu za pumziko, ashibe peke yake. Akasahau kwamba siku hiyo moto ungepita karibu. Alipokumbuka, aliacha bomba na kukimbia. Na alipoulizwa "Nyuma?", aliitikia kutoka huko huko aliko, kwa mazoea, huku anakata kamba.

Bi Moshi alielewa yote palepale. Na hapa alikuwa akimwambia binti yake neno moja kila mara: "Kumkimbilia mtamba simlaumu. Hata mimi ningekimbia. Lakini kwa nini hakuita simama? Angeita simama, ningesimama." Kisha anajijibu mwenyewe. Angeita simama, angeulizwa simama ya nini. Na mtamba angeonekana.

Jioni wifi alikuja. Walikaa kwenye mkeka wawili tu, wakalia pamoja. Wifi akamshika mikono. "Kesho mkutanoni nitasema mimi mwenyewe, wifi yangu. Wewe usinitaje. Niachie niseme kwa mdomo wangu, nisionekane nimeburutwa."

Bi Moshi akasema, "Sawa. Nakuachia."

Wasikilizaji wapendwa, mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa ushirika, ule wenye madawati marefu. Ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Mwenyekiti akamwuliza Bi Moshi swali moja tu, swali la kazi.

"Uliitikiwa?"

"Niliitikiwa."

Mwenyekiti akamgeukia wifi. "Ulimwitikia?"

Wifi aliyatazama mabati ya dari. Akasema, "Mimi sikuita. Aliuliza, kisha hakungoja. Alikuwa na haraka zake."

Ukumbi ukaguna wote kwa pamoja.

Bi Moshi akasema, "Wifi?" Basi. Alisimama pale akiwa bado na masizi kwenye kucha, anangoja mwenzake acheke, aseme nilikuwa natania.

Mumewe alikuwa ameketi katikati yao. Dada upande huu, mke upande huu. Na yeye pia aliiona ile kamba. Tulimwuliza, mzee, kwa nini hukusema? Akatuambia hivi: "Nilitazama viatu vyangu. Nilijiambia, mimi niko katikati. Nilidhani katikati ni mahali pa kukaa." Akajifuta uso kwa kofia. "Mke wangu hakunigombeza. Heri angenigombeza. Angevunja hata sahani. Alinipakulia chakula kama kawaida, na nyama akanipa kubwa."

Walipotoka ukumbini, mume alimshika mkono mkewe, akamnong'oneza, "Usimtaje mtamba hapa. Twende nyumbani, haya tutayamaliza kifamilia."

Hayakumalizwa kifamilia. Hayakumalizwa kabisa. Na baada ya siku ile, kila Bi Moshi alipojaribu kueleza habari ya mtamba, watu waliinua nyusi. Mbona hukusema siku ile? Ilionekana ni hadithi aliyoipika baadaye, mawifi wanagombana, wamwachie dereva awapatanishe.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Ng'ombe walikonda hadi ungeweza kuwatundikia nguo kwenye mifupa. Walikufa wengi. Kila ngozi iliyoanikwa uani ilisemwa ni ya Bi Moshi. Kina mama bombani walikuwa wakisogeza ndoo zao akija, si kwa kumpisha. Binti yake shuleni akaitwa Kiberiti, na yeye, tofauti na mama yake, alilia. Ushirika ukamnyang'anya Bi Moshi kopo la moto. Ukapiga marufuku kuchoma. Na usimamizi wa uwanda wote, buti, filimbi, na chumba kidogo cha ofisi chenye baraza, akapewa wifi.

Hapo mtu angesema yamefika mwisho. Lakini mawifi hao hawakuhama mtaa. Waliendelea kuonana kila siku iendayo kwa Mungu.

"Wifi, umeamkaje?"

"Nimeamka, wifi yangu. Watoto wa huko?"

"Hawajambo."

Wifi alikuja kwao sikukuu, alikula, alicheka, alimtania kaka yake tumbo. Bi Moshi alimpa kikombe kizuri, kile chenye maua. Binti alichukia sana. Siku moja akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, kikombe kizuri cha nini? Mpe kile kilichovunjika mkono."

"Nikimpa kibovu atapata la kulalamikia," mama akasema. "Nataka siku akikaa hapa asiwe na neno lolote mdomoni isipokuwa lile."

Hicho ndicho alichokitaka Bi Moshi katika maisha yake yote yaliyobaki. Tunarudia, maana ndilo jambo la leo. Hakutaka wifi afukuzwe. Hakutaka kurudishiwa buti wala ofisi. Alitaka mtu mmoja aseme mbele ya watu wale wale: aliitikiwa. Mwenye moto anayewasha bila kuitikiwa ni mwuaji. Mwenye moto aliyeitikiwa ni mtu aliyefanya kazi yake. Kati ya watu hao wawili, yeye alijua ni yupi, na wifi alijua. Wengine wote walimpa jina la yule mwingine.

Uwanda nao ukaanza kuharibika. Bila moto, nyasi zilizeeka zimesimama, ngumu kama waya wa uzio. Kichaka mgeni kikashuka kutoka barabarani, kikapanda kutoka mtoni, kikakutana katikati. Wafugaji walimwomba msimamizi mpya aruhusu kuchoma, hata kipande kidogo. Alikataa kila mwaka. Upepo ni mkubwa. Watu ni wachache. Mwaka huu tungoje. Binti ana maelezo yake: "Shangazi hawezi kuwasha, kwa sababu lazima awape watu mgongo na aamini wanachoita. Yeye anajua mtu anaweza kuita tu bila kuangalia."

Bi Moshi, bila kuombwa na mtu, aliendelea kung'oa. Kila asubuhi, na jembe lake la mpini mfupi, kando ya njia. Wachungaji wakipita wanamchokoza. "Mama, umeacha moto sasa unalima?" Anajibu bila kuinua kichwa, "Namlimia ng'ombe wako. Pita." Wakawa wanapita. Wengine, tunaambiwa, wakawa wanasimama kidogo na kushika upande mmoja wa mzizi. Na binti yake, akishafunga cherehani, alikwenda naye. Kule kwenye uwanda ndiko alikofundishwa kuusoma upepo, ndiko alikofundishwa vipande vitatu, na ndiko alikosikia habari hizi zote.

Kifua kilimshika mwaka jana. Hospitali walimlaza kitanda cha dirishani. Alipoona hali si hali, alimwambia mumewe, "Niitie dada yako."

Wifi alikuja. Alikuja na uji kwenye chupa, na shuka safi. Alimgeuza mgonjwa, alimchana nywele, alimkata kucha. Binti alikuwepo, anasema shangazi yake alifanya kila kitu kwa upendo, na ndicho kilichouma. Akazungumza. Akasimulia bomba jipya la maji la mtaani. Akasimulia jirani aliyeanguka kwenye ngazi. Akasimulia hata habari za wajukuu wa yule mtamba, maana mtamba alizaa, na wanawe wakazaa. Bi Moshi alimtazama usoni muda wote, kama mtu anayengoja basi ambalo amekwisha kuliona kwenye kona.

Wifi akafunga chupa. Akasimama.

"Wifi," Bi Moshi akamwita, pumzi fupi. "Hakuna jambo umesahau kuniambia?"

"Jambo gani tena, wifi yangu? Pumzika."

Akamfunika miguu, akaondoka. Bi Moshi akageuza uso dirishani. Akamwambia binti, "Hata hapa, pasipo watu wa mkutano, hakulisema." Siku chache baadaye alifariki.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wanaoandaa na kusikiliza kipindi hiki, tunampa pole mzee dereva wa trekta. Tunampa pole binti yake, fundi cherehani wetu, ambaye wengi wenu mmevaa kazi ya mikono yake. Tunawapa pole wachungaji walioshika upande mmoja wa mzizi. Na kwa sababu ni mfiwa pia, na alilia kaburini hadi akashikwa, tunampa pole wifi yake.

Nasi tuliobaki, kila mmoja akae kidogo na nafsi yake. Yuko mtu fulani sasa hivi anatembea mbele yako amekupa mgongo. Anafanya kazi ya hatari, au anafanya maisha tu, na hageuki, kwa sababu anajua wewe uko nyuma. Je, uko? Tusijibu haraka haraka.

Kabla hatujaagana, kuna jambo la juzi. Alhamisi hii ushirika unakutana. Kichaka mgeni kimekula zaidi ya nusu ya malisho, na wanachama wanataka kuchoma kurudishwe. Binti wa Bi Moshi ameomba apewe kopo la mama yake. Wapo wanaomtaka. Wapo wanaosema damu ni ile ile, mtoto wa asiyengoja kuitikiwa naye hatangoja. Kwa hiyo ombi lake limesimama hapo, kwenye jambo lile lile.

Juzi tulikwenda ofisini kwa msimamizi wa uwanda kuchukua maneno yake ya rambirambi. Binti aliomba tufuatane naye, tukafuatana. Wifi alitukaribisha barazani vizuri, akatutolea viti. Tukawasha kinasa sauti. Akasema, na tunanukuu, "Wifi yangu alikuwa mtu wa watu. Mchapakazi. Nyasi hizi hakuna aliyezijua kama yeye. Mimi alinifundisha kila kitu. Mungu ampumzishe." Akajifuta macho. Machozi yalikuwa ya kweli, hatutaki kumsingizia.

Binti alikuwa amesimama kwenye nguzo. Hakuwa amekubali kiti. Akasema kwa upole, kama mtoto anavyomwambia shangazi yake:

"Shangazi, umesema maneno mazuri, ahsante. Mama angefurahi. Sasa nakuomba moja. Alhamisi njoo ukae mbele, mimi nitakaa karibu nawe, nitakushika mkono ukitaka. Mtamba alikwisha kufa kwa uzee, hakuna atakayekufukuza kwa ajili yake. Waambie tu kwamba mama aliuliza, na kwamba uliita. Utakuja, shangazi?"

Kinasa sauti kilikuwa kinaendelea. Jana tumekisikiliza tena, sisi na fundi mitambo, tumeongeza sauti hadi juu kabisa. Baada ya maneno hayo kuna kiti kinasogezwa. Kuna ng'ombe analia, mbali. Kuna binti anapumua karibu na kipaza sauti. Tumekisikiliza hadi pale tulipozima, na ni muda mrefu. Sauti nyingine hakuna.